Munyua: Daktari wa mifugo aliyepindua meza London

UKIWA Manyamanyama pale Bunda, ukisikia daktari wa mifugo kafika mtaani, akili inakwenda moja kwa moja kwenye chanjo, kupe na ng'ombe aliyegoma kula tangu juzi. Mkoa wa Mara unaijua kazi hiyo vizuri. Ng'ombe huku ni akiba, ni mahari, ni ada ya shule. Hakuna anayemwangalia bwana mifugo na begi lake la sindano akawaza kwamba jamaa huyu anaweza kwenda London na kumtoa bingwa kutoka Ulaya.

Lakini ndicho kilichotokea Desemba 2025. Daktari wa mifugo kutoka Kenya, David Munyua, miaka 30, alipanda jukwaa la ukumbi wa Alexandra Palace kwenye Kombe la Dunia la vishale akiwa Mkenya wa kwanza kufika hapo. Mbele yake alisimama Mbelgiji Mike De Decker, namba 18 kwa ubora kwenye mashindano hayo.

De Decker si mtu wa kubahatisha. Oktoba 2024 alitwaa World Grand Prix, moja ya mataji makubwa ya mchezo huo, kwa kumfunga Luke Humphries seti 6-4 kwenye fainali. Huyo Humphries mwaka ule ndiye aliyekuwa bingwa wa dunia.

Mambo yakaanza kama watu walivyotarajia. De Decker akachukua seti ya kwanza, akachukua na ya pili. 2-0. Mechi ni ya kuwahi seti tatu, kwa hiyo Mkenya alikuwa amebakiza uzi mmoja tu. Kwenye mpira ni sawa na kwenda mapumziko ukiwa nyuma mabao mawili, ugenini, na mwenyeji anakumiliki.

Munyua hakudondoka. Akachukua seti ya tatu. Akachukua ya nne. Ya tano ikaamua, na ilipokwisha ubao wa matokeo ulisomeka 3-2. Daktari kapindua meza!

Habari ikasambaa dunia nzima. Ila ukiondoa shangwe, linabaki swali ambalo mashabiki wa vishale Afrika Mashariki hawana budi kulijibu: mtu mwenye mkono kama ule, kwa nini bado anaishi kwa sindano ya ng'ombe?

UBAO ULITANGULIA, WATU WAKACHELEWA

Kuna jambo moja ambalo wengi waliokaa mbele ya televisheni siku ile hawakulijua. Ule ubao aliokuwa anaulenga Munyua ulikuwa mwenyeji wa huku kuliko mtu yeyote mle ukumbini.

Ubao wa vishale wa kisasa unatengenezwa kwa katani. Ndiyo, katani hiihii iliyoifanya Tanga ijulikane duniani na ambayo Kenya nayo inailima. Nyuzi zake hukatwa, hushindiliwa kwa nguvu na kufungwa kwa mkanda wa chuma, kisha huchongwa upande wa mbele mpaka uwe laini. Siri ya katani ni kwamba kishale kikichomolewa, nyuzi zinarudiana na tundu linajifunga. Ndiyo maana ubao mmoja unaweza kuchomwa maelfu ya mara na usioze.

Kampuni ya Winmau, ambayo tangu 2022 ndiyo inayotoa ubao unaotumika kwenye mashindano ya PDC, hutengeneza mbao zake za Blade nchini Kenya. Kwa maneno mengine, miaka yote hiyo Waingereza na Waholanzi wakichukua mamilioni ya pauni, walikuwa wanachoma kitu kilichotoka Afrika Mashariki. Ubao ulishapata viza zamani. Mchezaji ndiye aliyekuwa bado yuko kwenye foleni.

MCHEZO WENYEWE UKO HIVI

Kwa shabiki wa mpira ambaye vishale anaviona baa tu, akipita kwenda kuagiza, mambo yako hivi. Mchezaji anasimama mita 2.37 kutoka kwenye ubao. Kitovu cha ubao kiko urefu wa mita 1.73 kutoka sakafuni. Kila mtu anaanza na pointi 501 na kazi yake ni kuzishusha hadi sifuri, akirusha vishale vitatu kwa zamu.

Kitovu kina pointi 50. Lakini pesa haipo pale, ipo kwenye kile kipande chembamba cha 20 kinachozidisha mara tatu. Ukikipiga unapata 60. Ukikipiga mara tatu kwenye zamu moja ni 180, na hapo ndipo unasikia ukumbi mzima ukilipuka kama kapigwa mtu kanzu kwenye derby ya Kariakoo.

Walioupanga ubao walikuwa na roho mbaya. Pembeni ya 20 wameweka 5 upande mmoja na 1 upande mwingine. Mkono ukiyumba kidogo tu, ulichotarajia kiwe 60 kinakuwa 1. Halafu ili umalize lazima kishale chako cha mwisho kitue kwenye ile pete nyembamba ya nje inayozidisha mara mbili, na hesabu itimie kamili. Ukizidisha, pointi zote za zamu ile zinafutwa.

Hapo ndipo mechi nyingi zinapofia. Mtu anapiga 180 mbili safi, anafika mlangoni, mkono unaanza kutetemeka. Ni kama penalti, tofauti ni kwamba huku unapiga penalti kila baada ya dakika mbili, na kipa wako ni wewe mwenyewe.

Kwenye raundi ya kwanza ya Kombe la Dunia, seti moja ni ya kuwahi legi tatu, na mechi ni ya kuwahi seti tatu. Kwa hiyo Munyua alipokuwa nyuma 2-0 alihitaji legi tisa, huku akijua De Decker anazihitaji tatu tu ndani ya seti moja. Mtu anayerudi kutoka hapo anakuwa na zaidi ya mkono. Ana kichwa.

WOTE WALITOKA KWENYE KAZI ZA MIKONO

Wengine walilicheka lile jina la "daktari wa mifugo", kana kwamba amepotea njia. Ukiwatazama mabingwa wenyewe, hakupotea kabisa.

Phil Taylor, mtu aliyetwaa ubingwa wa dunia mara 16 na ambaye wengi wanamwita mkubwa kuliko wote, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha vyombo vya udongo huko Stoke-on-Trent, Uingereza. Alikuwa anatengeneza vishikio vya karatasi za chooni kwa mshahara wa pauni 52 kwa wiki. Kilichomtoa pale ni mtu mmoja: Eric Bristow, bingwa mara tano wa dunia, alimwona akicheza, akamkopesha fedha ili aache kazi na acheze muda wote. Mwaka 1990 walikutana fainali ya Kombe la Dunia. Taylor akampiga mfadhili wake 6-1.

Rob Cross alikuwa fundi umeme. Mwaka 2017 ndio ulikuwa wa kwanza kwake kucheza kama mchezaji wa kulipwa, na Januari 1, 2018 akawa bingwa wa dunia kwa kumfunga Taylor 7-2, kwenye mechi ya mwisho ya mzee huyo kabla ya kustaafu.

Fallon Sherrock alikuwa msusi. Desemba 2019 akawa mwanamke wa kwanza kushinda mechi kwenye Kombe la Dunia la PDC alipomtoa Ted Evetts 3-2, kisha akamtoa na Mensur Suljovic aliyekuwa kwenye orodha ya vigogo.

Kisha yupo Paul Lim wa Singapore, aliyewahi kufanya kazi ya upishi Papua New Guinea. Mwaka 1990 alimaliza legi kwa vishale tisa tu, idadi ndogo kuliko zote zinazowezekana, akiwa wa kwanza kufanya hivyo kwenye Kombe la Dunia. Zawadi ya vishale vile tisa ilikuwa pauni 52,000, wakati bingwa mwenyewe, Taylor, alichukua pauni 24,000. Mpishi aliondoka na mzigo mkubwa kuliko bingwa!

 Vishale ni mchezo wa watu wazima wenye kazi zao pia. Na tofauti na mpira, ambako mtu wa miaka 30 anaanza kuulizwa atastaafu lini, huku miaka 30 ni asubuhi. Luke Littler alitwaa ubingwa wa dunia akiwa na miaka 17. Lim alishinda mechi Alexandra Palace akiwa na miaka 71, kwenye mashindano haya haya aliyocheza Munyua. Katikati ya hao wawili kuna nafasi ya kila mtu.

Kwa hiyo Munyua hakuwa na upungufu wowote wa historia. Alichofanana na Taylor na Cross ni kuanzia chini. Alichotofautiana nao ni ngazi ya kupandia.

HESABU YA MKWANJA

Kombe la Dunia la 2026 lilikuwa na wachezaji 128 na zawadi ya jumla ya pauni milioni 5. Bingwa alikuwa Littler, aliyemfunga Mholanzi Gian van Veen 7-1 kwenye fainali ya Januari 3, na akachukua pauni milioni moja. Hizo ni zaidi ya Sh3 bilioni kwa mtu ambaye wakati huo alikuwa hajafikisha hata miaka 19.

Anayetoka raundi ya kwanza anapata pauni 15,000. Anayetoka ya pili anapata 25,000. Munyua alifikia raundi ya pili, ambako safari yake ilikatishwa na Mholanzi Kevin Doets. Kwa hiyo hesabu yake ni pauni 25,000, zaidi ya Sh80 milioni kabla ya makato.

Ni pesa nzuri. Kwa Bunda, mtu ananunua ng'ombe, anajenga na chenji inabaki. Ila ni pesa ya mara moja. Haina mwezi ujao.

Tofauti kati ya mtu aliyeshinda mechi moja na mchezaji wa kulipwa inaanzia hapo. PDC ina wachezaji 128 wenye kadi ya kucheza mzunguko wa mwaka mzima. Kadi hiyo inapatikana zaidi kwa kuwa miongoni mwa 64 bora duniani, au kwa kupita kwenye mchujo mgumu unaofanyika kila Januari huko Milton Keynes, Uingereza, na Kalkar, Ujerumani. Ukiipata unakaa nayo miaka miwili.

Na msimamo wa dunia haupangwi kwa pointi kama ligi. Unapangwa kwa fedha ulizoshinda ndani ya miaka miwili. Mwenye nacho anaongezewa: ukishinda fedha unapanda, ukipanda unaingia mashindano yenye fedha zaidi. Asiyecheza hapandi.

Mashindano mengi ya mzunguko huo hayaonyeshwi kwa mbwembwe wala nyimbo za kuingilia ukumbini. Ni kumbi kubwa zenye mbao nyingi zimepangwa kwa mstari, Uingereza na Ujerumani, katikati ya wiki. Mchezaji wa Uingereza anaendesha gari asubuhi, anacheza, anarudi kulala kwake. Wa Afrika Mashariki anatakiwa tiketi ya ndege, viza na hoteli, na anaweza kutolewa saa nne asubuhi.

MARA INAUJUA UCHUNGU HUO

Shabiki wa mpira wa Mara hahitaji kufundishwa safari inavyoweza kuua ndoto. Oktoba 2021, Biashara United ya Musoma ilikuwa Kombe la Shirikisho Afrika. Ilikuwa imeshinda 2-0 mechi ya kwanza dhidi ya Al Ahli Tripoli ya Libya, mechi iliyochezwa Dar es Salaam. Mguu mmoja ulikuwa ndani ya hatua inayofuata.

Timu haikufika Libya. Mambo ya safari yaligoma, mechi ya marudiano haikuchezwa, na wanajeshi wa mpakani wakatolewa bila kufungwa uwanjani. Mabao mawili yalibaki kwenye kumbukumbu tu.

Timu nzima ya Ligi Kuu, yenye viongozi na wadau, ilikwama kwenye safari moja. Sasa mchukue mtu mmoja anayecheza vishale, asiye na klabu nyuma yake, halafu mwambie aende Ulaya mara ishirini kwa mwaka. Kipaji kinabaki kuwa sehemu ndogo kabisa ya hesabu.

Devon Petersen wa Afrika Kusini aliiona hesabu hiyo mapema. Jamaa huyo kutoka Cape Town aliamua kuhamia Uingereza, akaweka makazi Bradford ili awe karibu na mashindano. Septemba 2020, huko Hildesheim, Ujerumani, alimfunga Jonny Clayton 8-3 na kutwaa German Darts Championship, akawa Mwafrika wa kwanza kushinda taji la PDC linalohesabika kwenye msimamo wa dunia. Alilipata, lakini kwanza ilibidi ahame bara.

Petersen huyohuyo ndiye aliyesimama nyuma ya African Darts Group, mpango wa kuwapa wachezaji wa bara hili mashindano yao na njia ya kwenda London bila kuhama nyumbani. Munyua ni tunda la njia ya Afrika. Hakusubiri mtu amgundue Ulaya. Alicheza huku, akafuzu huku, ndipo akapanda ndege.

BONGO WAPO WAPI?

Tanzania si wageni wa vishale. Kuna chama cha mchezo huo, TADA, na wachezaji wa Tanzania wamekuwa wakikutana na Wakenya na Waganda kwenye mashindano ya Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Watu ambao Munyua anatoka miongoni mwao si viumbe wa sayari nyingine. Ni jirani zao.

Kutoka Bunda, barabara kuu ya Mwanza inapita Tarime na kuishia Sirari. Ukivuka pale uko Kenya. Ni safari ya basi la asubuhi. Mchezaji wa Manyamanyama yuko karibu na ubao wa Kisii kuliko wa Kinondoni, na kwa mchezo huu ukaribu huo ni mtaji. Unapata wapinzani wagumu bila kupanda ndege.

Na vifaa vyenyewe havitishi. Hakuna nyasi za kumwagilia, hakuna jukwaa la kujenga, hakuna wachezaji 11 wa kuwalisha kambini. Ni ubao mmoja, vishale vitatu, taa nzuri na mstari uliopimwa sawasawa. Hilo la mstari ni muhimu kuliko linavyosikika. Kwenye baa nyingi ubao unapigiliwa popote palipo na msumari, na watu wanarusha kutoka popote miguu ilipowafikisha. Mtu anakuwa mfalme wa baa yake, akienda kwenye mashindano anakutana na mita 2.37 za kweli na mkono unapotea.

Kinachotakiwa kingine ni mechi. Mkono wa vishale unalishwa kwa ushindani wa kila wiki, si kwa bonanza moja la sikukuu ambalo mshindi anapewa mbuzi na kreti ya soda. Ligi ya wilaya, inayojulikana siku na saa, yenye matokeo yanayoandikwa, inagharimu kidogo kuliko jezi seti moja. Bila hiyo, hata mlango wa mchujo wa Afrika ukibaki wazi, hakutakuwa na mtu wa kuupitia.

Upande wa pili ni wa wenye fedha. Taylor alikuwa na Bristow. Hakupewa msaada wa kuonewa huruma, alikopeshwa na mtu aliyeamini kwamba fedha itarudi, na ikarudi. Wafanyabiashara wa kanda ya ziwa wamezoea kuweka mkono mfukoni kwa ajili ya timu za mpira zenye watu 30 na zaidi. Mchezaji mmoja wa vishale ni tiketi moja.

Munyua mwenyewe hakurudi na kombe. Mechi moja aliyoshinda haijamfanya bilionea, na kazi ya kutibu mifugo haikufutika. Mwakani atatakiwa kufuzu tena kama mtu mwingine yeyote, maana vishale havina heshima kwa jina la mwaka jana.

Lakini kuna kitu amekiondoa ambacho hakitarudi. Kabla ya Desemba, mchezaji wa Afrika Mashariki akisema anataka kwenda Alexandra Palace, rafiki zake wangemwambia apunguze kinywaji. Leo ana mfano wa kuonyesha, tena wa jirani, mwenye kazi ya kawaida, aliyekuwa nyuma 2-0 dhidi ya bingwa wa Grand Prix na akashinda 3-2 kwenye ubao wa katani ya nyumbani.

Mchujo mwingine unakuja. Watakaokuwa wamejiandaa ni wale ambao leo jioni wamechukua futi kamba, wakapima mita 2.37 na kuchora mstari.